Sahani ya kale isiyo na asili ni kigae tu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara wasioweka hesabu. Hata hivyo, mimi naiona ikituhusu zaidi sisi tunaopenda kununua na kukusanya vyombo vya kale vya Pwani, yaani mabakuli ya kaure yaliyotoka China, sahani za maua zilizotoka Ulaya na makombe ambayo watu wa Lamu, Pate, Malindi na Mombasa waliyapambia nyumba zao kwa karne nyingi. Vyombo hivyo vinauzwa na kununuliwa. Kinachopotea katika biashara hiyo si vyombo peke yake, bali ni habari zake, na hizo ndizo ninazotaka kuzizungumzia leo.

Niseme mapema kwamba siandiki haya ili kuwashutumu wakusanyaji. Mimi ni mmoja wao. Kwa mshahara wangu mdogo nimenunua sahani moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa na nyufa, na sioni haya kuwaonyesha wageni wanaonitembelea. Wako wanaonicheka, wakiniuliza mtu mzima ana haja gani na sahani asiyoweza kuilia wali. Jawabu langu ni kwamba chombo cha kale humfundisha mtu historia kwa namna ambayo kitabu hakiwezi. Mtu akisimama mbele ya bakuli lililovuka bahari kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mnamo 1498, haitaji tena kuhubiriwa kwamba Pwani hii ilikuwa ikifanya biashara na ulimwengu kabla ya Mzungu kufika. Ushahidi uko mbele ya macho yake.

Swali basi si kama ni halali kukusanya. Swali ni je, tununuapo chombo cha kale, tunanunua nini hasa?

Ili tulipime swali hilo vyema, natutazame kwanza wakusanyaji wa kwingineko. Katika Uingereza na Uholanzi wako watu ambao shauku yao ni gilasi za kuoteshea maua ya tunguu. Gilasi hizo zilibuniwa hasa kwa ajili ya ua liitwalo hayasinthi, ambalo huota kutokana na tunguu linalofanana na kitunguu cha mchuzi. Juu pana kikombe cha kulikalisha tunguu, katikati pana shingo nyembamba, na chini pana tumbo la kutia maji. Mizizi hushuka majini, na ua huchanua sebuleni wakati nje kuna baridi kali na miti imepukutika majani. Desturi hiyo ilienea katika nyumba za wakwasi wa Ulaya katika karne ya 18, na kufikia karne ya 19 viwanda vya vioo vilikuwa vikizitoa gilasi hizo kwa wingi, za buluu, za kijani na za zambarau. Leo wapenzi wake huzisaka minadani, katika masoko ya vitu vikuukuu na katika maduka ya vitu vya kale.

Wakusanyaji hao wana bahati moja kubwa. Vyombo vyao vilizaliwa kiwandani, vikauzwa dukani, vikatumiwa nyumbani. Hakuna aliyebomoa kaburi ili kuvipata. Isitoshe, vyombo vingi vya Uingereza vya zama hizo vina cheti cha kuzaliwa mwilini. Kati ya 1842 na 1883, bidhaa ambazo michoro yake ilisajiliwa serikalini zilipigwa alama yenye umbo la almasi. Herufi na tarakimu zilizomo katika pembe za alama hiyo zilitaja aina ya bidhaa pamoja na siku, mwezi na mwaka wa usajili. Mnunuzi akikipindua chombo chenye alama hiyo, anaweza kuisoma tarehe ambayo mchoro wake uliandikishwa. Chombo kama hicho chaweza kupita mikononi mwa watu ishirini, kikavuka bahari tatu, na bado kikajieleza.

Je, vyombo vya Pwani yetu vyaweza kujieleza hivyo? Baadhi vyaweza. Katika karne ya 19 viwanda vya Maastricht, huko Uholanzi, kikiwemo kile cha Petrus Regout, vilitengeneza sahani na mabakuli yenye maua ya rangi kali ambayo yalifika hadi Zanzibar na Lamu. Mengi yana jina la kiwanda kitakoni. Hizo ni ndugu wa gilasi za maua: ni bidhaa za dukani zilizonunuliwa kwa fedha halali, zikatumiwa katika karamu za harusi, zikarithiwa na mabinti. Ndizo ninazozinunua mimi, na sidhani kwamba kuna ubaya wowote mwenye mali akiamua kuiuza kwa hiari yake.

Mabakuli ya kaure ya China ni jambo jingine kabisa. Wataalamu wa akiolojia waliochimba Manda, na Shanga katika kisiwa cha Pate, walikuta vigae vya vyombo vya Kichina vya tangu karne ya 9. Baadaye yakaja mabakuli mazito ya rangi ya kijani kibichi kutoka Longquan, kisha yale meupe yenye michoro ya buluu ambayo wengi wetu ndiyo tunayoyafahamu. Mtaalamu akilitazama bakuli kama hilo anaweza kukwambia lilifinyangwa China karne gani. Lakini hakuna maandishi kitakoni yanayosema kwamba lilishushwa Pate au Mombasa, kwamba lilinunuliwa na nani, wala kwamba lilipamba chumba gani. Habari hizo zimehifadhiwa mahali pengine. Zimo katika ukuta uliolishika, katika kaburi lililolibeba, na katika tabaka la udongo lililolifukia. Ukuta ndio cheti chake. Ukiling'oa, umekichana cheti hicho, na hakuna ofisi itakayokupa kingine.

Msomaji ambaye hajafika Lamu huenda asielewe uzito wa maneno haya. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kilikuwa na safu za vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe, vilivyochongwa kwa lipu ya chokaa kwa ustadi wa ajabu. Ndani ya vidaka hivyo ndimo vilimopangwa vyombo vya kaure. Havikuwekwa hapo kwa urembo tu. Vilitangaza heshima ya ukoo na upana wa biashara yake, na wapo walioamini kwamba vilikinga nyumba na husuda. Haikuwa ajabu, basi, kwamba mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoomboleza kuanguka kwa Pate, alivitaja vidaka vya sahani vilivyogeuka kuwa makao ya ndege. Kwake yeye, kidaka kitupu kilitosha kueleza maangamizi ya mji mzima.

Fauka ya hayo, mabakuli mengine yalipachikwa makaburini. Kwenye makaburi ya nguzo yaliyotapakaa Pwani nzima, kutoka visiwa vya Lamu, kupitia Mambrui na Malindi, hadi Kunduchi karibu na Dar es Salaam, mafundi waliyakandika mabakuli ya kaure katika nguzo au kuta za kaburi ili yang'ae kwenye jua. Mwenye macho akizuru makaburi hayo leo atakuta katika mengi yao mashimo ya mviringo tu, kama matundu ya macho katika fuvu. Mengine yalipasuka kwa sababu ya umri na mvua. Mengine yaling'olewa kwa patasi.

Thamani ya mahali chombo kilipokutwa inaonekana wazi kuliko pote huko Gede, mji wa magofu karibu na Malindi ulioingizwa mwaka 2024 katika orodha ya Turathi za Ulimwengu. James Kirkman alianza kuchimba huko mnamo 1948. Hakujua majina ya wenye nyumba, kwa hivyo alizipa nyumba majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake. Kukawa na Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe na Nyumba ya Bakuli la Kaure. Tafakari jambo hilo, ewe msomaji. Makasi ya chuma yaliyoliwa na kutu hayawezi kumpa mchuuzi hata bei ya kikombe cha kahawa, lakini kwa kuwa yalikutwa mahali pake na kuandikwa, yamekuwa jina la nyumba. Lau bakuli lile lingechimbuliwa usiku na kuuzwa, tungekuwa na bakuli moja zaidi katika kabati la tajiri fulani, na nyumba moja zaidi isiyokuwa na jina.

Sasa tuje sokoni. Anayetaka kununua chombo cha kale katika miji yetu ya Pwani hana haja ya kwenda mbali. Yatosha kupita vichochoro vya mji wa kale, kunywa kahawa, kusalimiana na watu na kutaja unachokitafuta. Kabla ya magharibi mtu atakuwa amekujia na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Mara nyingi ni chombo kipya kilichotiwa uzee kwa majani ya chai na moshi. Mnunuzi mwerevu hutazama duara la kitako ambalo halikutiwa utando wa kung'aa, hupapasa mikwaruzo iliyoachwa na miaka ya matumizi, na hutafuta misumari midogo ya chuma ambayo mafundi wa zamani waliitumia kushonea sahani iliyopasuka. Ufundi huo hujifunza mtu kwa kutazama sana na kununua kidogo.

Lakini iko alama moja ambayo kwa mnunuzi mwingi ni sababu ya kufurahi, na kwangu mimi ni sababu ya kukirudisha chombo mezani. Mchuuzi mmoja, mzee mwenye adabu na ulimi wa asali, alinionyesha siku moja bakuli la buluu na jeupe lisilo na ufa. Nilipolipindua nikaona mgongoni limegandamana na chokaa ngumu iliyochanganyika na punje za matumbawe.

"Mzee wangu, bakuli hili limetoka wapi?" nikamuuliza.

"Limetoka kwa bibi mmoja, mwanangu. Alikuwa akilitumia nyumbani."

"Na chokaa hii mgongoni?"

Akatabasamu. "Hiyo ndiyo inayokuhakikishia kwamba ni la kale, mwanangu. Ya nini kuuliza mengi?"

Alisema kweli bila ya kukusudia. Chokaa ile ilihakikisha kwamba bakuli ni la kale, kwa sababu ilihakikisha kwamba limeng'olewa ukutani, na huenda ukuta huo ulikuwa wa kaburi. Hakuna bibi anayemwagia mchuzi katika bakuli lenye chokaa mgongoni. Alama nyingine za aina hiyo ni udongo uliokauka katika nyufa, unaoashiria chombo kilichochimbuliwa, na magamba ya viumbe vya baharini, yanayoashiria kilichotolewa katika chombo kilichozama. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mnamo 1697, ilichimbuliwa kitaalamu mwishoni mwa miaka ya 1970, na vitu vyake vikawekwa katika makavazi ya ngome hiyo. Chombo kilichotolewa baharini kwa njia hiyo kina maelezo yake. Kile kilichouzwa kichochoroni hakina.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema kwamba bakuli likibaki kaburini litapasuliwa na watoto kwa mawe au kuangushwa na mizizi ya mbuyu, na kwamba ni afadhali likae salama katika kabati la mkusanyaji. Hoja hii haina budi kuheshimiwa, kwa kuwa ni kweli kwamba makaburi mengi yameachwa kama watoto yatima. Wengine watasema kwamba anayeng'oa au kuuza ni mtu mwenye dhiki, na njaa mwana malegeza. Hilo pia ni kweli. Mvuvi aliyekosa samaki kwa juma zima hatazuiwa na hotuba yangu kuhusu karne ya 15.

Hata hivyo, hoja zote mbili zina kasoro moja. Mnunuzi anayedai kuokoa bakuli halikuti likiwa limeanguka chini. Huliagiza. Fedha yake ndiyo inayoinunua patasi. Na yule mvuvi mwenye dhiki hupata sehemu ndogo mno ya bei, kwa sababu kadiri chombo kinavyosonga mbali na kaburi ndivyo bei inavyopanda na ndivyo habari zake zinavyofutwa. Madalali wana manufaa katika kutojua. Kikulacho ki nguoni mwako: si wageni kutoka ng'ambo wanaokuja usiku na taa za mkono, bali ni wenzetu, nao hufanya hivyo kwa sababu sisi wanunuzi hatuulizi.

Umuhimu wa daftari ulidhihirika katika kisa cha vigango vya Mijikenda. Mwaka 1985 mzee mmoja wa Kimijikenda alipigwa picha na mtafiti Monica Udvardy akiwa mbele ya vigango viwili alivyovisimamisha kwa ajili ya ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu baadaye vigango hivyo viliibwa. Mnamo 1999, katika kongamano la wasomi huko Marekani, Udvardy alikitambua kimojawapo katika picha zilizoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika makavazi ya jimbo la Illinois, na cha pili kikaja kugunduliwa katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vilirejeshwa kwa familia mwaka 2007. Baada ya hapo makavazi kadhaa ya Marekani yamerudisha vigango vingine vingi, vikiwemo 37 ambavyo makavazi hayo ya Illinois yalivitoa mwaka 2023. Lakini kuvirudisha nchini ni jambo moja, na kuvirudisha mahali vilipotoka ni jambo jingine. Vile viwili vilipata njia ya kwenda nyumbani kwa sababu ya picha moja. Kigango kisicho na picha wala jina hufika Nairobi, kisha kikauliza njia na asipatikane wa kukijibu.

Sheria tunayo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na inakataza kitu kama hicho kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Kwa hivyo bakuli la kaure la Pate, ijapokuwa udongo wake ni wa China, ni mali ya historia ya Kenya. Sheria hiyo ni nzuri, lakini afisa wa forodha hawezi kuthibitisha kwamba bakuli lililo ndani ya sanduku la msafiri liliibwa ikiwa hakuna popote palipoandikwa kwamba liliwahi kuwepo.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanahitajika. La kwanza, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yakishirikiana na serikali za kaunti za Lamu, Kilifi, Mombasa na Kwale yapige picha kila bakuli na kila kipande cha kaure kilichobaki katika makaburi na kuta za kale, pamoja na kila shimo tupu, na kuziweka picha hizo mahali ambapo polisi, forodha na wananchi wataweza kuziona. Kazi hii haihitaji mitambo. Vijana wa vijiji hivyo wana simu zenye kamera, na wakilipwa ujira wa halali kwa kupiga picha na kulinda, wengi wao hawatakuwa na haja ya kung'oa.

La pili, familia inayotaka kuuza vyombo ilivyovirithi isione aibu wala isifichefiche. Iwe na mahali pa kuvipeleka kwanza, vikaguliwe, viandikwe, na makavazi yapewe nafasi ya kuvinunua kwa bei ya haki kabla ya dalali. Mtu akipewa bei ya haki mchana, hatauza kwa bei ya wizi usiku.

La tatu linatuhusu sisi wakusanyaji, na halihitaji kusubiri serikali. Kila ninaponunua sahani, ninaandika katika daftari jina la aliyeniuzia, mtaa na nyumba ilikotoka, ilirithiwa kutoka kwa nani, ilitumiwa katika shughuli gani, na tarehe. Muuzaji asiyekubali kuniambia hayo, sinunui kwake, hata kama sahani ni ya kulilia. Mama mmoja wa Mombasa aliyeniuzia sahani mbili za Maastricht alinieleza kwamba nyanyake alikuwa akizitoa siku ya Idi peke yake, na kwamba ile yenye ufa iliangushwa na mjomba wake alipokuwa mtoto. Maelezo hayo yamejaza nusu ukurasa. Nikiondoka duniani, atakayezirithi sahani hizo atarithi na nusu ukurasa huo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili hata ukuta wenyewe hatutaweza kuujenga upya, kwa kuwa hakuna fundi awezaye kulirudisha bakuli katika shimo asilolijua. Nawasihi wakusanyaji wenzangu, kabla ya kutoa pochi, wapindue chombo na kukitazama mgongo. Wakiona chokaa, na wakirudishe.